Kufuli la Mkanda wa Tatu

Jumatano, 2 Aprili 2025

Shimo limejaa. Tangu juzi mvua haijapumua, na asubuhi ya leo maji yalikuwa yameshafika kwenye magurudumu ya tingatinga. Meneja amesema hakuna kuchimba mawe hadi masika yaishe. Vibarua wa shimoni wamerudishwa makwao. Tuliobaki ni mafundi na sisi wa ofisini, kwa kazi ya matengenezo. Kila mwaka ni hivi: mvua ikikaza, mitambo hufunguliwa, husafishwa, hutiwa grisi, mikanda ya kubebea mawe iliyochanika huungwa, na Julai kinu cha kokoto huanza tena kunguruma.

Kazi yangu ni stoo. Natoa spana, grisi na glavu. Natoa pia makufuli mekundu. Fundi akitaka kuingia kwenye mtambo huandika kibali katika daftari langu, nami nampa kufuli na ufunguo wake. Anakwenda kuizima swichi kubwa ya mtambo ule, anaifunga kwa lile kufuli, ufunguo anautia mfukoni. Maadamu kufuli lipo, hakuna awezaye kuwasha. Ufunguo wa akiba hukaa kwenye kisanduku ukutani mwangu, na hautoki mpaka mwenye kufuli nimemwona kwa macho yangu. Kanuni hiyo imeandikwa kwa herufi kubwa na kubandikwa mlangoni.

Haya nayaandika kwa kuwa kazi ni chache na siku ni ndefu. Daftari hili lilipata unyevu, ofisini hawalitaki.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Nimetoa grisi na matambara, basi.

Jumatatu, 7 Aprili

Fundi Mwero ameanza mikanda leo. Mungu anisamehe, mzee huyu ananichosha. Wenziwe huchukua kufuli wakaenda zao. Yeye hulifunga, hulivuta mara tatu, kisha huenda kukibonyeza kitufe cha kuwashia ili ahakikishe mtambo umekufa kweli, halafu hurudi mpaka dirishani kwangu, maji yanamchuruzika, kunieleza kwamba umekufa.

"Dada Twaiba, andika na saa."

"Nimeandika, fundi."

"Saa ngapi umeandika?"

"Mbili na robo."

"Ni mbili na dakika kumi na nane," akasema, akasubiri mpaka nikafuta.

Vijana wamemwita Mzee Jaribu, kwa kuwa neno lake ni moja: "Tujaribu kwanza." Ni mtu wa Kinango, ana zaidi ya miaka hamsini. Siku za kazi amepanga chumba huku, Jumamosi hurudi kwa mkewe. Bwana Harrison, msimamizi wetu, alikuwa amesimama nyuma yake akitazama saa.

"Huyu mzee atatumalizia msimu kwa kusalimiana na swichi," akaniambia. Nikacheka.

Alhamisi, 10 Aprili

Samuel, msaidizi wa Mwero, ameondoka mapema na kufuli lake kaliacha kwenye mkanda wa kwanza. Bwana Harrison alitaka kuujaribu mkanda kabla ya jioni. Nilimpigia Samuel simu, akasema yuko nyumbani Tiwi, anakunywa chai. Kumwona kwa macho sikumwona, lakini sauti ilikuwa yake. Nikautoa ufunguo wa akiba. Mkanda ukawashwa, ukazunguka vizuri, ukazimwa. Hakuna kilichotokea.

Jumanne, 15 Aprili

Tena. Mara hii Samuel kaliacha kufuli kwenye mkanda wa pili. Nilimpigia Samuel, simu imezimwa.

"Si ni jambo lile lile la juzi?" Bwana Harrison akasema. "Kijana ana kichwa kibovu, anasahau. Nipe nimalize."

Nimempa. Hakuna kilichotokea.

Jumatano, 16 Aprili

Fundi Mwero amesikia. Nilidhani atafoka, hakufoka. Alikuja dirishani, akavua kofia yake ngumu akaiweka kwenye kibao.

"Dada Twaiba, kuanzia leo mimi nikichukua kufuli, nipe funguo zote mbili. Ule wangu na ule wa akiba."

"Haiwezekani, fundi. Wa akiba hukaa hapa. Ndiyo kanuni."

"Kanuni inasema pia hautoki."

"Fundi, ukiupoteza mmoja itakuwaje? Tutakuja na msumeno?"

"Ndiyo. Mje na msumeno. Mtu akija na msumeno atapiga kelele, nitamsikia."

Nilimkatalia. Nilimkatalia kwa adabu, lakini nilifurahi kidogo kumkatalia, kwa sababu yeye ndiye bingwa wa kanuni na mara hii kanuni ilikuwa upande wangu. Akaichukua kofia yake, akasema, "Sawa, mama," akaenda.

Jumanne, 22 Aprili

Mama amezidiwa. Mguu umevimba hadi gotini, na pumzi inamkata. Barabara ya kwetu imegeuka tope, bodaboda hazifiki. Nilimwendea Bwana Harrison kuomba ruhusa nikiwa nimeshajiandaa kunyimwa. Hakuniuliza hata swali la pili. Alimwamuru dereva alete pikapu ya kampuni mpaka mlangoni kwetu, yeye mwenyewe akashuka kwenye tope akamshika Mama upande mmoja, mimi upande wa pili. "Shika bega langu, mama, usiogope," alikuwa akimwambia. Tulimfikisha Msambweni kabla ya adhuhuri. Kanipa na siku mbili za kukaa naye.

Nimemhukumu vibaya mtu huyu. Ana haraka, na maneno yake ya bara hayana sukari, lakini moyo anao.

Jumamosi, 26 Aprili

Mama karudi nyumbani, alhamdulillahi. Kazini, honi ya tahadhari, ile inayolia kabla mkanda haujawashwa, imekufa kwa maji. Feisal ameripoti. Kaambiwa kipuri kimeagizwa.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Nimekula kwa mdogo wangu Maimuna. Feisal ndiye mumewe, na ndiye mwendeshaji wa mitambo: hukaa kwenye kibanda cha vitufe juu ya kinu. Alipopata kazi ile mimi ndiye niliyempelekea barua zake kwa meneja. Leo alinipikia mwenyewe samaki wa kupaka, akimkataza katakata Maimuna asiguse sufuria.

"Shemeji, kule juu najiona rubani," aliniambia. "Ila mvua ikipiga mabati sisikii kitu, na kioo kinatanda ukungu. Nabonyeza kwa kuamini niliyoambiwa."

Jumatatu, 5 Mei

Mvua. Mwero na Samuel wamehamia mkanda wa tatu, ule mrefu.

Alhamisi, 8 Mei

Bwana Harrison hakuomba. Aliingiza mkono dirishani akafungua kisanduku mwenyewe, akachukua ufunguo wa mkanda wa kwanza. "Mama anaendeleaje?" akaniuliza huku akiutoa. Nikasema anaendelea vyema, Mungu akubariki. Hakuna kilichotokea.

Ijumaa, 16 Mei

Nimeshindwa kuandika siku mbili. Leo nitaandika, na nitaandika kila kitu, kwa sababu nimeshaona kwamba watu wameanza kukisema vinginevyo.

Ilikuwa juzi, Jumatano. Mvua ilikuwa ya kumwagwa kwa ndoo. Wenye kampuni walitarajiwa kutoka Mombasa saa nane mchana kuja kuona matengenezo, na mkanda wa tatu ulikuwa bado.

Fundi Mwero alichukua kufuli saa moja na dakika ishirini na mbili. Niliandika hivyo hivyo. Alilifunga, akajaribu kitufe, akarudi kuniambia umekufa. Yeye na Samuel walikuwa wakifanya kazi kwenye mkia wa mkanda, chini kabisa, mahali ambapo mkanda hulizunguka puli kubwa la chuma na kuanza kupanda. Wavu wa kinga walikuwa wameufungua.

Saa sita na nusu Samuel alipita stoo kurudisha spana. "Tumemaliza, umebaki wavu tu," akasema, akaenda kantini kula.

Saa saba kasorobo akaja Bwana Harrison.

"Mwero yuko wapi?"

"Sijui. Samuel yuko kantini."

"Basi wako kantini wote. Nipe wa akiba wa mkanda wa tatu. Wageni wako njiani, nataka wakute unazunguka."

"Fundi Mwero hali kantini," nikasema.

Hilo nililisema. Huja na muhogo wake wa kuchemsha kutoka chumbani kwake, na mvua ikinyesha hukaa kula pale pale chini ya mtambo, panapokingwa. Kila mtu anajua.

"Nimetoka huko sasa hivi," akasema. "Hakuna mtu."

Nilimtazama. Kutoka stoo hadi mkia wa mkanda ni mwendo wa dakika tatu kwenye tope la kufika kwenye vifundo. Viatu vyake vilikuwa vikavu. Vilikuwa safi, vinang'aa. Niliviona, nikaelewa maana yake, na nikamkumbuka akimshika Mama begani. Nikageuka, nikafungua kisanduku, nikampa ufunguo.

Nilisikia mkanda ukiamka. Una sauti kama ya mtu anayejikohoza. Ukazunguka kidogo, sauti ikawa nzito, ikazidi kuwa nzito, kisha ukanyamaza. Feisal ndiye aliyeuzima. Aliona mshale wa umeme ukipanda isivyo kawaida. Nilitoka stoo nikikimbia bila mwavuli. Nilijua kabla ya kufika.

Fundi Mwero alikuwa amerudi kuondoa jiwe dogo lililokwama kati ya puli na mkanda. Mkono wa kulia ulikuwa umeingia wote, na bega, na kifua kilikuwa kimebanwa. Alikuwa hai. Samuel alikuja mbio na chakula bado mdomoni. Mkanda haukuweza kurudishwa nyuma, ikabidi ukatwe. Walikata kwa kisu, kikavunjika, wakaleta msumeno. Ilichukua robo saa nzima.

Mimi nilipiga magoti kwenye tope nikakishika kichwa chake kisilale majini. Macho yake yalikuwa wazi, akanitambua.

"Dada Twaiba," akasema. Sauti ilikuwa ndogo sana. "Nililifunga kufuli?"

"Tulia, fundi. Usiseme."

"Nililifunga au nilisahau?"

"Tulia. Wanakuja kukutoa."

Akauliza mara ya tatu, midomo tu, bila sauti. Kisha hakuuliza tena.

Mtu huyu alivuta kufuli mara tatu kila siku ya maisha yake ya kazi, na alikufa akidhani amesahau. Neno moja tu lilitosha. "Ulilifunga." Sikulitoa. Harrison alikuwa amesimama nyuma yangu, na sijui kama nilimwogopa yeye, au niliogopa kwamba nikisema ulilifunga, Mwero angeniuliza basi nani amelifungua.

Jumamosi, 17 Mei

Tumemzika Kinango. Kampuni ilitoa lori na turubai. Mkewe anaitwa Eunice. Hakulia kwa sauti. Alikuwa akishughulika na wageni wapate pa kukaa. Nilijificha nyuma ya wanawake wa kwaya. Alfani, mwakilishi wetu sisi wafanyakazi, alihutubia vizuri mno. Alisema damu ya Mwero haitapotea bure. Watu wakaitikia.

Jumatatu, 19 Mei

Meneja ametuita: mimi, Feisal, Samuel, Harrison na Alfani. Daftari la vibali lilikuwa mezani kwake tangu Ijumaa. Alisema ni msiba wetu sote, na kwamba mzee, kwa bahati mbaya, kwa uzee wake, aliingia kwenye mtambo bila kufuli.

"Alikuwa na kufuli," nikasema. "Saa moja na dakika ishirini na mbili. Limeandikwa."

Meneja akalisukuma daftari kwangu. Nilifungua. Tarehe 13 ipo. Baada yake ni tarehe 15. Kati ya hizo kuna uzi wa karatasi iliyochanwa kwa uangalifu.

Nilimtazama Harrison, akatazama dirisha. Nilimtazama Alfani. Alfani alijikuna shingo akasema, "Dada Twaiba, tusikurupuke. Tupo hapa kujenga." Tangu leo nadhani sina haja ya kumsikiliza tena mtu huyu akihutubia makaburini.

Samuel aliulizwa kama aliliona kufuli. Akasema hakumbuki. Machozi yalikuwa yakimtoka, akasema hakumbuki.

Alhamisi, 22 Mei

Feisal amesimamishwa kazi. Barua inasema aliwasha mtambo bila kuhakikisha usalama.

Nimekwenda kwao jioni kabla ya magharibi. Alikuwa amekaa kwenye mkeka akitazama viganja vyake. Hajala tangu juzi, Maimuna kasema.

"Kila nikifumba macho naona kitufe cha kijani," aliniambia. "Shemeji, kile kitufe hakina uzito wowote. Kama kubonyeza kengele ya mlango."

Nilimwita Maimuna uani nikamweleza yote: ufunguo, viatu vikavu, swali la Mwero. Alikuwa akianua nguo. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameikumbatia shuka.

"Kwa hiyo mume wangu anajiona muuaji wiki nzima," akasema, "na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa natafuta namna ya..."

"Dada, usiniambie ulikuwa unatafuta nini. Ingia ndani ukamwambie yeye. Kesho ukawaambie wao."

Niliingia, nikamwambia. Feisal hakukasirika. Hilo ndilo lililonivunja. Alisema tu, "Lakini kidole kilikuwa changu."

Jumanne, 27 Mei

Afisa wa ukaguzi wa kazi amekuja. Amekaa saa moja na nusu. Nusu saa alikula na meneja. Nilimsubiri penye gari lake, nikampa shikamoo ingawa ni rika langu, kwa hofu tu, nikamweleza kila kitu. Alikuwa mtu mwenye subira, aliandika kila neno.

"Kufuli lenyewe liko wapi?"

"Sijui. Siku ile lilitoweka."

"Ufunguo wa akiba?"

"Umerudishwa kisandukuni. Niliukuta kesho yake."

"Ukurasa wa kibali?"

"Umechanwa."

"Shahidi mwingine aliyekuona ukimpa?"

"Hakuna. Tulikuwa wawili tu dirishani."

Akafunga kalamu yake. "Mama, mimi nakuamini," akasema. "Lakini siwezi kuandika kwamba nakuamini. Naandika ninachoweza kukionyesha."

Jumanne, 3 Juni

Harrison amekuja stoo. Alisimama dirishani pale pale. Amekonda. Ndevu hajanyoa.

"Nimesikia ulizungumza na yule afisa."

Niliendelea kupanga glavu.

"Twaiba, mimi sikutaka afe. Unajua hivyo?"

"Ulisema umetoka huko. Hukutoka."

"Nilipotoka kwako nilipita juu, kwa kibanda. Nikachungulia kwa kioo. Sikuona mtu." Akatazama kule juu. "Ilikuwa mvua. Singeona hata ng'ombe."

"Basi kaseme hivyo."

"Nina watoto wanne huko nyumbani. Na wewe una mama. Tukisema, tunakwenda jela mimi na wewe. Si meneja. Si wale wa Mombasa. Mimi na wewe. Halafu Mwero anarudi?"

Nilitaka kumchukia sawasawa. Nilijaribu. Lakini mikono yake ilikuwa juu ya kibao, na nilikuwa nikiona ni mikono ile ile iliyombeba Mama, na sikuweza kuitenga na ile iliyouchukua ufunguo. Nilimwambia aondoke. Akaondoka.

Jumatano, 4 Juni

Mvua imepungua. Pampu zinavuta maji ya shimoni.

Ijumaa, 6 Juni

Kesho Idi. Maimuna hajaja kuchukua mchele kama kila mwaka.

Alhamisi, 12 Juni

Taarifa imetoka. Meneja alitusomea uani, chini ya mwavuli.

Marehemu aliingia kwenye mtambo bila kibali na bila kufuli. Mwendeshaji Feisal aliwasha bila kuhakikisha, amefukuzwa. Honi imetengenezwa. Bwana Harrison amehamishiwa machimbo mengine ya kampuni, kwa cheo kile kile. Baadaye niliitwa ofisini kupewa barua yangu. Ni barua ya onyo. Nimeonywa kwa kutolitunza daftari la vibali hata likapoteza ukurasa.

Nilimwambia meneja sitaitia sahihi. Akasema si lazima, nakala itaingia kwenye faili langu hivyo hivyo.

Maelezo yangu yamo kwenye taarifa. Nimeyaona, mistari miwili: "Mfanyakazi mmoja ametoa madai tofauti. Hayakuweza kuthibitishwa."

Jumatatu, 16 Juni

Feisal amehamia kwa mama yake Tiwi, peke yake. Anamsaidia kulima. Maimuna anasema hagusi kitu chochote chenye swichi. Usiku hukaa na koroboi.

Jumamosi, 21 Juni

Leo nimekwenda Kinango, kwa Mama Hannah, yaani Eunice, mjane wa Mwero. Sikumwambia mtu. Nilijiambia kwamba serikali ikikataa kujua, na kampuni ikikataa kujua, basi angalau mwenyewe ajue.

Kule mvua haikufika kabisa. Mahindi yamesimama makavu kimo cha goti. Nilimkuta akirudi na punda kutoka kisimani, mwendo wa nusu siku, mitungi minne. Alinikaribisha chini ya banda, akanipa kiti, yeye akakaa kwenye gogo.

"Wewe ndiye wa stoo," akasema. "Alikuwa akikutaja. Alisema unaandika saa vizuri."

Nikamweleza. Sikuficha kitu. Nililitaja hata lile swali la kufuli, nikamaliza.

Punda alikuwa bado na mitungi mgongoni.

"Wale wa kampuni walikuja na karatasi," akasema. "Wakaniambia alisahau kufuli. Nikatia sahihi kwamba nimeelewa. Unajua nimefanya nini tangu siku hiyo? Nimemgombeza. Kila asubuhi nikiamka namgombeza. Namwambia, wewe mtu wa kufunga mlango mara tatu, wewe uliyetuamsha kitandani kuangalia kama jiko limezimwa, siku moja tu ndiyo ulisahau, ukaniachia watoto. Mwezi mzima nalala na hasira na mtu ambaye hakukosa."

"Nisamehe, Mama Hannah."

Aligeukia nyumba akaita, "Hannah!"

Akatoka msichana wa miaka kumi na mitano hivi, mrefu, ana paji la uso la babake. Alinisalimu kwa heshima.

"Mwambie huyu," Eunice akasema. "Ulivyoniambia mimi. Usipunguze."

Nikarudia yote. Mara hii ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu msichana hakuinamisha macho hata mara moja. Nilipomaliza alifikiri kidogo.

"Sasa ile taarifa itabadilishwa?"

"Hapana."

"Hata wewe ukienda kusema tena?"

"Nilishasema. Nitasema tena. Lakini ukurasa haupo, mwanangu. Sidhani kama itabadilishwa."

"Na yule aliyechukua ufunguo?"

"Yuko kazini. Mahali pengine."

"Na wewe?"

"Nami niko kazini."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mwanafunzi aliyepata jibu la hesabu na kuliona dogo kuliko alivyotarajia. "Basi umekuja kutuletea nini?" akauliza. Hakusema kwa ukali. Alitaka kujua kweli.

Mamake alimwambia akamshushe punda mizigo, akaenda. Tukabaki wawili tukisikiliza mitungi ikiwekwa chini mmoja mmoja. Kisha Eunice akanyanyuka, akachota kikombe cha maji yale yaliyotoka mbali, akanipa kwa mikono miwili, kwa kuwa nilikuwa mgeni na nilikuwa na safari. Nilitaka kukataa. Alisimama mbele yangu mpaka nikayanywa yote.